Mbao za Nyumba ya Bwana

Usharika wetu uko upande wa Bunda, si mbali na ziwa. Mwaka tulioamua kupaua kanisa jipya nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Kuta zilikuwa zimesimama misimu miwili ya mvua bila paa, na kila Jumapili mtu aliuliza, "Lini?" Fundi alitupa hesabu ya mbao za kenchi, mhazini akapiga hesabu ya fedha, na hesabu hizo mbili hazikukutana.

Ndipo akaja mtu na habari njema. Kulikuwa na mbao zilizoletwa kwa boti na kushushwa usiku kwenye mwalo mmoja. Mbao nzito, nyekundu, zilizonyooka, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya mjini Musoma. Wengi wetu tuliona ni mkono wa Bwana. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye ujanani alikuwa mbeba mizigo bandarini, hakushangilia. Alizigeuza mbao mbili tatu, akatazama ncha zake, kisha akaniuliza:

"Katibu, mwanangu, mbao hizi zimetoka wapi?"

"Ziwani, mzee."

"Ziwani hakuoti miti. Nakuuliza zimetoka wapi."

Sikuwa na jibu. Alikuwa akitafuta alama ya nyundo ya misitu, ile inayogongwa kwenye mbao zilizovunwa kwa kibali, na hakuiona. Muuzaji naye hakuwa na hati ya kusafirisha mazao ya misitu wala risiti ya ushuru. Usiku huo kamati ilibishana mpaka taa ikazimika. Swali la mzee lilinifanya nianze kusoma habari za zamani za ziwa letu, na nilichokikuta ndicho ninachotaka kuwashirikisha, kwa maana Kanisa na mbao za ziwa hili wana historia ndefu kuliko tunavyodhani. Tena historia hiyo ilianza kwa damu.

Ziwa lilikuwa barabara ya miti

Mkoa wetu wa Mara una mbuga, vilima vya mawe na mashamba ya pamba na mihogo. Misitu ya miti mirefu ya kupasua mbao si mingi kwetu. Kwa sababu hiyo, tangu zamani mtu wa pwani hii aliyehitaji chombo kizuri au boriti kubwa alitazama ng'ambo ya maji: visiwani, upande wa Kagera na Uganda. Ziwa halikututenga na misitu hiyo, bali lilituunganisha nayo. Mti mkubwa ni mzigo mzito mno kwa kichwa cha mtu, lakini maji huubeba bila kulalamika.

Kabla ya misumari kuwa ya kawaida, mafundi wa visiwa vya Sese na wa nchi ya Buganda walijenga mitumbwi mirefu kwa mbao zilizochongwa na kushonwa pamoja kwa nyuzi za mti kama mtu anavyoshona mkeka. Mitumbwi hiyo ilivuka ziwa lote, ikibeba watu, ndizi, chumvi, samaki na pembe za ndovu. Kila ubao mmoja wake ulikuwa kazi ya siku nyingi, kwa sababu gogo zima lilichongwa pande zote mbili kwa shoka na tezo mpaka ukabaki ubao mmoja. Watu waliojua gharama ya ubao namna hiyo hawakuuchezea. Na mtawala wa nchi alijua kwamba mti mkubwa uliosimama katika nchi yake ulikuwa mali, sawa na ng'ombe zizini.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika Kageye, pwani ya kusini ya Ghuba ya Speke, akiwa na mashua yake iliyoitwa Lady Alice. Ilikuwa imebebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani ya bahari. Mwezi Machi alianza kulizunguka ziwa, akapita kwenye maji haya haya yanayogusa Bunda, Majita na Musoma. Barua yake kutoka kwa Kabaka Mutesa ilipochapishwa Uingereza, chama cha misioni cha Kanisa la Anglikana, CMS, kilipeleka watu. Nao walikuja na mashua yao, Daisy, ikiwa vipande vipande vilevile.

Jahazi la Songoro

Katika msafara huo walikuwamo Shergold Smith, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, na Thomas O'Neill, mtu wa ujenzi. Walihitaji vyombo zaidi ya Daisy ili kuvusha watu na mizigo yao. Kwenye kisiwa cha Ukerewe waliishi karibu na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Mtu huyu alikuwa amekaa kisiwani kwa idhini ya mtawala wake, Lukonge, na alikuwa akijenga jahazi kwa miti ya kisiwa hicho. Wamisionari wakanunua chombo kwake. Kwa macho yao ilikuwa biashara safi: muuzaji yupo, bei imekubaliwa, malipo yametolewa.

Lakini kati ya Lukonge na Songoro kulikuwa na deni ambalo halijaisha, na ugomvi wao ukakua. Songoro alikimbilia kwa wamisionari. Lukonge alimtaka, nao wakaona si haki kumtoa mtu aliyewakimbilia. Mwezi Desemba 1877 watu wa Lukonge wakashambulia. Smith aliuawa, O'Neill aliuawa, Songoro aliuawa pamoja na wengi wa watu wake. Hivyo, miezi michache tu baada ya Smith kufika kwa Mutesa kwa mara ya kwanza, misioni ile ilikuwa imepoteza viongozi wake wawili.

Nilipokuwa mtoto wa shule ya Jumapili niliwasikia watu hawa wakitajwa kama mashahidi wa imani, na sina nia ya kuwapunguzia heshima. Walikufa wakimkinga mtu. Lakini nikiisoma habari hii sasa, nikiwa mtu niliyewahi kushika daftari la manunuzi la kanisa, naona jambo ambalo sikufundishwa. Watu wale hawakuuawa kwa sababu ya kuhubiri Injili. Waliingia katika deni la mtu mwingine kupitia mlango wa chombo cha mbao. Walimwuliza muuzaji bei yake, na bei wakailipa. Mwenye nchi ambako miti ilikatwa alibaki akidai, na dai lake likaishia kwenye mikuki.

Lukonge hakuwa na haki ya kumwaga damu ile. Hata hivyo dai halihitaji mwenye kudai awe mtu mwema ndipo liwe dai. Na mnunuzi mwema hawi salama kwa wema wake tu.

Mackay na mashua iliyofupishwa

Mwaka uliofuata, Juni 1878, alifika ziwani Alexander Mackay, mhandisi kijana kutoka Scotland. Aliikuta Daisy imechakaa kwa jua. Wenzake walikuwa wamekufa, na wengi walitarajia kisasi. Mackay hakuleta kisasi. Alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, akaketi na Lukonge, akasikiliza upande wake. Sidhani kuna tendo la kimisionari katika ziwa hili linalozidi hilo kwa ukubwa: mtu kwenda kwenye nyumba yenye damu ya ndugu zake ili aulize ilikuwaje.

Baadaye, akiwa safarini kwenda Buganda, Daisy ilipigwa na mawimbi ufukweni upande wa magharibi wa ziwa, mbao zake zikavunjika. Hapakuwa na mbao nyingine. Mackay na mwenzake walifanya kama fundi viatu anayetengeneza jozi moja kutoka kwenye viatu vilivyochanika: walikata sehemu ya katikati ya mashua, wakatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, kisha wakaunganisha vipande viwili vilivyobaki. Mashua ikawa fupi lakini ikaelea. Novemba 1878 alifika kwa Mutesa.

Miaka yake ya mwisho Mackay aliishi Usambiro, kusini mwa ziwa, akihubiri, akitafsiri, na kuchonga mbao za vyombo kwa mikono yake. Alifariki huko Februari 1890. Alijua kutoka kwenye mikono yake mwenyewe uzito wa ubao mmoja.

Moshi, kuni na matishari

Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, na ziwa likabadilika. Meli ya William Mackinnon, iliyoletwa kwa vipande, ilikuwa imeshushwa majini mwaka 1900. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill. Meli hizi zilikuwa za chuma, na mtu angeweza kudhani kwamba sasa miti imepumzika. Haikuwa hivyo. Meli za kwanza zilichemsha maji yake kwa kuni. Kila bandari ilihitaji rundo la kuni lililopangwa tayari, na kila rundo lilihitaji watu wa kukata, kubeba na kupanga. Moshi uliopendeza ukionekana kwa mbali ulikuwa miti ya pwani zetu ikipita angani.

Nyuma au ubavuni mwa meli yalifungwa matishari, yale mashua mapana yasiyo na injini yanayovutwa na meli nyingine. Tishari halina sifa. Hakuna anayelipigia picha wala kulipa jina la malkia. Lakini ndilo lililobeba uzito: pamba ya wakulima wetu, mahindi, ngozi, saruji, na mbao. Wazee wa Musoma waliofanya kazi bandarini wanakumbuka mizigo hiyo kwa mabega yao.

Vita vikuu vya kwanza vilifika mpaka hapa. Novemba 1914 meli ya Sybil ilipanda mwamba karibu na Majita, iliyokuwa upande wa Wajerumani, ikaachwa ufukweni mpaka Waingereza walipoiokoa mwaka 1915. Baada ya vita meli na matishari yaliendelea, na mwaka 1961, mwaka wa uhuru wetu, ikaja MV Victoria. Zikafuata meli za kubeba mabehewa ya reli, nasi upande wa Tanzania tukaijua Umoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli zikagawanywa kama watoto wa ndoa iliyoshindikana.

Barabara nazo zikaja. Zamani aliyesafiri kutoka Musoma kwenda Tarime aliuvuka mto Mara kwa pantoni pale Kirumi. Miaka ya 1980 daraja lilijengwa, pantoni ikasahaulika. Leo mbao nyingi husafiri kwa lori. Lakini mizigo ya mbao haijaacha kupita ziwani, mingine mchana na kwa hati, mingine usiku bila hati.

Mierezi iliyoelea

Usiku ule wa mabishano, mjumbe mmoja wa kamati alisema, "Hata Sulemani alileta mbao kwa maji!" Alisema kweli, nasi tukafungua 1 Wafalme 5 tusome mpaka mwisho.

Israeli, kama Mara, haikuwa na miti ya kutosha kwa kazi ile. Mierezi na miberoshi ilikuwa Lebanoni, katika nchi ya Hiramu mfalme wa Tiro. Watumishi wa Hiramu waliikata, wakaiteremsha baharini, wakaifunga kuwa vyelezo na kuielea mpaka mahali palipokubaliwa. Mambo ya Nyakati inataja Yafa, na kutoka huko ikapandishwa Yerusalemu. Lakini tazama kinachofuata: Sulemani alilipa. Kila mwaka alimpelekea Hiramu kori 20,000 za ngano, pamoja na mafuta safi. Aliandikiana na mwenye msitu kabla ya shoka kuinuliwa. Miaka mingi baadaye, waliorudi kutoka uhamishoni walipotaka kulijenga hekalu upya, wakiwa maskini kabisa, nao waliwapa Wasidoni na Watiro chakula, kinywaji na mafuta kwa ajili ya mierezi. Ezra ameliandika hilo wazi. Umaskini wao haukuwa kibali cha kutolipa.

Sura hiyohiyo ina jambo lingine. Sulemani alitoza watu 30,000 wa shokoa kwenda Lebanoni kwa zamu. Hiramu alilipwa, lakini raia walitumikishwa. Mfalme alipokufa, watu walimwomba mwanawe awapunguzie nira, akakataa, ufalme ukapasuka, na msimamizi wa shokoa akapigwa mawe mpaka akafa. Nabii Yeremia naye baadaye alimwonya mfalme aliyejijengea nyumba ya mierezi huku akimtumia jirani yake bila kumpa ujira. Kwa hiyo mbao zina wadai wawili: mwenye msitu na mwenye jasho. Nyumba inaweza kumlipa mmoja ikamwibia mwingine.

Msitu mdogo wa Butiama

Katikati ya mabishano hayo nilikwenda Butiama kwa msiba. Pale Mwitongo, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, kuna msitu mdogo uitwao Muhunda. Wazanaki waliutunza kwa vizazi vingi kwa sababu ya heshima ya mizimu ya ukoo. Hakuna aliyethubutu kukata ovyo.

Sisi Wakristo tunafundisha kwamba mti hauna roho ya kuabudiwa, na tunafundisha sawa. Lakini nilisimama pale nikaona haya kidogo. Watu walioogopa mzimu waliuacha mti umesimama. Sisi tunaosema kwamba dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana tulikuwa tayari kununua mti wa usiku ili tumjengee Bwana huyohuyo. Kama tumewaondolea watu hofu ya zamani bila kuwapa uaminifu mpya, tumeupa msitu nini?

Tulichofanya

Kamati ilikutana tena. Nilisoma habari ya Daudi na uwanja wa Arauna, jinsi alivyopewa bure mahali pa kutolea sadaka, pamoja na ng'ombe na kuni, akakataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Kura zikapigwa. Tulizikataa mbao za mwaloni kwa kura moja tu ya ziada.

Sitawaficha gharama. Kanisa lilikaa bila paa msimu mwingine mzima wa mvua, na sehemu ya ukuta wa magharibi ikaanguka. Familia mbili zilihama usharika zikisema kamati imejaa kiburi. Mbao zile zilinunuliwa na mtu mwingine wiki hiyohiyo, hivyo hakuna mti hata mmoja tuliouokoa kwa uamuzi wetu. Mtu akiniuliza faida ilikuwa nini, siwezi kumwonyesha kwa hesabu.

Mwaka uliofuata tulipata mbao za misonobari kutoka Ukerewe, kisiwa chenye shamba la miti ya kupandwa la Serikali pale Rubya. Zilikuwa nyepesi kuliko zile nyekundu, na fundi alilazimika kuongeza idadi ya kenchi. Lori lilivuka kwa kivuko kutoka Rugezi mpaka Kisorya mchana kweupe. Dereva alikuwa na hati yake mfukoni, na kila ubao ulikuwa na alama ya nyundo. Waliopakua tuliwalipa jioni ileile, kabla jua halijazama, kama Torati inavyoagiza.

Nilisimama Kisorya nikilitazama lori likishuka kwenye kivuko, nikakumbuka kwamba mbao hizi zimetoka kwenye kisiwa kilekile cha Lukonge. Zaidi ya miaka 130 ilikuwa imepita tangu Kanisa linunue chombo cha mbao pale bila kuuliza nani bado anadai. Sisi tuliuliza, basi. Hatukufanya zaidi ya hapo.

Yule mzee wa bandarini alikuwa wa kwanza kuingia siku ya kuweka wakfu. Hakutazama madhabahu kwanza. Aliinua macho kwenye kenchi, akazihesabu kwa kidole, kisha akaketi.

Ndugu msomaji, pengine usharika wako nao unajenga: kanisa, nyumba ya mchungaji, madawati ya shule ya Jumapili. Kabla hujauliza bei, uliza swali la mzee. Mbao hizi zimetoka wapi? Nani amelipwa, na nani bado anadai? Ukikosa jibu, subiri. Bwana aliyekaa hemani miaka mingi anaweza kuvumilia mvua msimu mmoja zaidi.